Siasa za ndani za China zinavyofika hadi shambani Mlalo

Na Mwandishi Wetu, Mlalo

MKULIMA wa parachichi wa Mlalo, wilayani Lushoto, hana mjumbe katika vikao vya Chama cha Kikomunisti cha China, wala hasomi magazeti ya Beijing. Hata hivyo, iwapo tunda lake litauzwa siku moja katika soko la Shanghai au litaozea njiani kati ya Mlalo na Mombo, ni jambo linalotegemea kwa kiasi kikubwa kile ambacho wananchi wa kawaida wa China wanakiogopa, wanakilalamikia na wanakidai kutoka kwa serikali yao.

Kwa miaka mingi Watanzania wamezoea kuutazama uhusiano wao na China kama urafiki wa viongozi. Huanza Mwalimu Julius Nyerere na Mao Zedong, kisha wakafuata warithi wao, na picha za kupeana mikono zikapamba kurasa za mbele za magazeti. Picha hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini rafiki yuleyule alikuwa mkarimu mno mwaka 1967, akawa mhesabu faida mwaka 1983, na akawa mkaguzi mkali wa matunda katika miaka ya 2020.

Jibu linapatikana zaidi ndani ya China yenyewe kuliko katika hotuba zinazotolewa Dar es Salaam. Kila mara siasa za ndani za nchi hiyo zilipobadilika, sera yake kwa Afrika nayo ilibadilika, na Tanzania ikajikuta ikipokea matokeo ya mijadala ambayo haikushiriki.

Reli iliyojengwa wakati wa misukosuko

Mfano wa kwanza ni reli ya TAZARA. Mkataba wa kuijenga ulitiwa saini mjini Beijing Septemba 5, mwaka 1967, kati ya China, Tanzania na Zambia, baada ya Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi kukataa kuigharimia. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi.

Ikumbukwe kuwa China ya wakati huo haikuwa nchi tajiri. Ilikuwa imetoka katika njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu, na tangu mwaka 1966 ilikuwa imetumbukia katika Mapinduzi ya Utamaduni, ambapo shule zilifungwa na viongozi wa juu walifedheheshwa hadharani. Mwananchi wa China hakuulizwa kama anakubali fedha za taifa lake zijenge reli Afrika, na hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Kwa nini basi serikali maskini itoe msaada mkubwa kiasi hicho? Uongozi wa Mao ulikuwa umegombana na Marekani kwa muda mrefu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umegombana pia na Urusi ya Kisovieti. Nyumbani, Mao alihitaji kuonyesha kuwa njia yake ya mapinduzi inafuatwa na wanyonge wa dunia nzima. Nje, alihitaji marafiki. TAZARA ilitimiza haja zote mbili kwa wakati mmoja.

Malipo yalionekana Oktoba 25, mwaka 1971, pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura ya kuirejesha China katika kiti chake. Nchi 76 ziliunga mkono, 35 zikapinga na 17 hazikuegemea upande wowote. Nchi 26 kati ya zile zilizounga mkono zilikuwa za Afrika, na balozi wa Tanzania katika umoja huo, Salim Ahmed Salim, alikuwa mstari wa mbele. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, China ilitumia kura ya turufu mara 16 kumzuia Kurt Waldheim asirudi katika ukatibu mkuu, wakati Salim akigombea nafasi hiyo, naye akizuiwa na Marekani.

Mageuzi ya Deng na mwisho wa ukarimu

Mao alifariki dunia Septemba 1976, miezi michache baada ya TAZARA kukabidhiwa. Kuanzia mwaka 1978 Deng Xiaoping aliigeuza nchi kutoka kwenye mapinduzi na kuielekeza kwenye uzalishaji. Kazi ya kwanza ya chama ikawa kuwashibisha wananchi, na kila yuan iliyokwenda nje ikaanza kutafutiwa sababu.

Waziri Mkuu Zhao Ziyang alipozuru Afrika mwishoni mwa mwaka 1982 na mwanzoni mwa 1983, alifika Dar es Salaam na kutangaza kanuni nne za ushirikiano: usawa na manufaa ya pande zote mbili, matokeo yanayoonekana, njia mbalimbali za ushirikiano, na maendeleo ya pamoja. Lugha ilikuwa ya heshima, lakini maana yake ilieleweka. Zama za kupewa bila kuulizwa zilikuwa zimekwisha.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kinasimulia habari hiyohiyo kwa namna nyingine. Kilifunguliwa mwaka 1968 kikiwa zao la msaada wa China kwa siasa ya kujitegemea. Katikati ya miaka ya 1990 kikageuzwa kuwa kampuni ya ubia, upande wa China ukimiliki asilimia 51 na serikali ya Tanzania asilimia 49. Jina la Urafiki lilibaki getini, ila ndani mahesabu yalikuwa ya kibiashara.

Badiliko jingine lilitokana na matukio ya Juni 1989, wakati jeshi lilipowavunja kwa risasi waandamanaji mjini Beijing. Mataifa ya Magharibi yaliiwekea China vikwazo, nayo ikawakumbuka marafiki wa zamani. Tangu mwaka 1991, ziara ya kwanza ya kila mwaka ya waziri wa mambo ya nje wa China imekuwa ya Afrika. Desturi hiyo, ambayo leo inaonekana kuwa ya kawaida, ilizaliwa na upweke wa kisiasa uliotokana na jambo la ndani kabisa.

Hasira za mitaani na kiti cha Afrika

Baada ya mwaka 1989 chama tawala cha China kilijenga uhalali wake juu ya nguzo mbili: kukua kwa uchumi na fahari ya taifa. Nguzo ya pili ina hatari yake. Wananchi waliofundishwa kujivunia taifa huweza kuikasirikia serikali yao wenyewe pale inapoonekana kuwa laini mbele ya wageni.

Aprili 2005 maelfu ya Wachina waliandamana katika miji kadhaa wakipinga vitabu vya shule vya Japan vilivyofunika maovu ya vita, na pia wakipinga Japan kupewa kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mamilioni ya watu walitia saini malalamiko kupitia intaneti.

Wakati huohuo Afrika ilikuwa na madai yake. Machi mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulipitisha msimamo wa Ezulwini, ukidai viti viwili vya kudumu vyenye kura ya turufu. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006. Japan, Ujerumani, India na Brazil zilitaka kuungana na Afrika ili mageuzi yapite kwa pamoja. China ilipinga mpango wa nchi hizo nne kwa nguvu, na Afrika nayo ikagawanyika. Mageuzi hayo yakakwama.

Si haki kusema kuwa maandamano ya Beijing na Shanghai peke yake ndiyo yaliyoinyima Afrika kiti, kwa kuwa Marekani nayo ilipinga na Waafrika wenyewe hawakuelewana. Lakini ni dhahiri kuwa kiongozi wa China ambaye angekubali Japan iingie angepata taabu kubwa nyumbani, na hivyo mlango wa maridhiano ulifungwa mapema.

Manung'uniko ya walipa kodi

Kuna wasomaji watakaouliza: katika nchi yenye chama kimoja na vyombo vya habari vinavyodhibitiwa, maoni ya umma yana nguvu gani? Swali hilo ni la msingi. Wachina hawabadilishi serikali kwa sanduku la kura, na mjadala unaovuka mpaka hufutwa. Lakini serikali isiyopimwa kwa kura hulazimika kusikiliza minong'ono kwa makini zaidi, kwa sababu haina njia nyingine ya kujua ni lini watu wamechoka.

Mwaka 2018 ulitoa ushahidi. Septemba mwaka huo Rais Xi Jinping aliwaahidi viongozi wa Afrika Dola bilioni 60 za Marekani katika mkutano wa ushirikiano wa China na Afrika, FOCAC, uliofanyika Beijing. Kwenye mitandao Wachina wengi walihoji kwa nini fedha zigawiwe nje wakati shule na hospitali za vijijini mwao zina upungufu. Maoni mengi ya aina hiyo yalifutwa. Mwezi mmoja kabla, profesa mstaafu Sun Wenguang wa mjini Jinan alikatizwa na polisi walioingia nyumbani kwake akiwa katikati ya mahojiano ya moja kwa moja na Sauti ya Amerika, akilalamikia fedha zinazotumika nje ya nchi.

Malalamiko yalinyamazishwa, lakini hayakupuuzwa. Ahadi ya mkutano wa Dakar mwaka 2021 ilishuka hadi Dola bilioni 40. Mwaka 2024, uchumi wa China ukiwa umelemewa na mgogoro wa soko la nyumba na uhaba wa ajira kwa vijana, ahadi ilitolewa kwa sarafu ya yuan, bilioni 360, sawa na takriban Dola bilioni 50, na sehemu kubwa yake ni mikopo na uwekezaji wa makampuni.

TAZARA inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mfano wowote. Septemba 29, mwaka 2025 mkataba wa kuifufua reli hiyo ulitiwa saini mjini Lusaka. Safari hii hakukuwa na mkopo usio na riba kutoka kwa ndugu wa kimapinduzi. Kampuni ya CCECC ya China inawekeza Dola bilioni 1.4 na kupewa haki ya kuiendesha reli kwa miaka 30 ili irudishe fedha zake. Reli ni ileile na nchi ni zilezile tatu. Kilichobadilika ni kile ambacho serikali ya Beijing inaweza kuwaeleza watu wake.

Tembo waliookolewa na mjadala

Athari za maoni ya umma wa China si mbaya siku zote. Sensa zilionyesha kuwa tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na sehemu kubwa ya pembe ilikuwa ikienda Asia. Utafiti wa shirika la IFAW mwaka 2007 ulibaini kuwa Wachina wengi, asilimia 70 ya walioulizwa, hawakujua kuwa ni lazima tembo afe ili pembe ipatikane.

Kampeni za ndani, zikiwatumia watu mashuhuri kama mchezaji wa mpira wa kikapu Yao Ming, zilibadili mtazamo wa tabaka la kati mijini. Desemba 2016 serikali ikatangaza kuwa biashara ya pembe za ndovu itapigwa marufuku ifikapo mwisho wa mwaka 2017. Bei ya pembe ghafi katika soko la China, iliyokuwa Dola 2,100 kwa kilo mwaka 2014, ilishuka hadi Dola 730 mapema mwaka 2017.

Nchini Tanzania, Yang Fenglan, mfanyabiashara Mchina aliyepachikwa jina la malkia wa pembe za ndovu, alikamatwa mwaka 2015 na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Ubalozi wake haukumpigania. Mtu ambaye miaka kumi kabla pengine angeonekana kuwa mfanyabiashara tu, sasa alikuwa aibu kwa taifa lake.

Mlango wa Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua upande mwingine wa sarafu hiyo. Mapema mwaka 2020 serikali ya China ilitoa rasimu ya kanuni za kuwapa wageni ukazi wa kudumu. Mitandao ililipuka kwa hasira, mingine ikiwa na matusi ya wazi dhidi ya Waafrika, na serikali ikaahidi kuifanyia rasimu hiyo marekebisho. Wiki chache baadaye, hofu ya Korona ilipopamba moto, Waafrika mjini Guangzhou walitimuliwa katika nyumba na hoteli. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika.

Mipaka ya China ilifungwa kwa wageni Machi 28, mwaka 2020, na kwa karibu miaka mitatu mfanyabiashara wa Dar es Salaam hakuweza kwenda mwenyewe kuchagua mzigo. Novemba 2022 vijana wa miji mbalimbali ya China walijitokeza barabarani wakiwa wameshika karatasi nyeupe, kupinga amri za kufungiwa ndani. Desemba 7 masharti makuu yalilegezwa, na Januari 8, mwaka 2023 mipaka ikafunguliwa. Uchumi uliodorora na ugonjwa uliokuwa umeshindikana kuzuilika vilichangia, lakini wachambuzi wengi wanaona kuwa maandamano yale yaliharakisha uamuzi.

Maziwa ya watoto na parachichi za Usambara

Hapo ndipo habari inaporudi kwenye milima ya Usambara. Mwaka 2008 ilibainika kuwa maziwa ya unga ya watoto nchini China yalichanganywa na kemikali ya melamini. Watoto sita walifariki na wengine wapatao 300,000 waliugua. Wazazi walipoteza imani kiasi kwamba walivuka hadi Hong Kong kununua maziwa, na Machi 2013 Hong Kong ikalazimika kuweka kikomo cha makopo mawili kwa kila msafiri.

Chama tawala kilielewa kuwa mzazi aliyepoteza mtoto kwa chakula kibovu ni hatari zaidi kwa utulivu kuliko mpinzani yeyote. Sheria mpya ya usalama wa chakula ilitungwa mwaka 2009 na kukazwa mwaka 2015. Januari 1, mwaka 2022 lilianza kutumika Agizo namba 248 la Mamlaka ya Forodha, likiwataka wazalishaji wa chakula wa nchi za nje wasajiliwe. Kwa matunda mabichi, mashamba na vituo vya kufungashia navyo hutakiwa vijulikane, visajiliwe na vithibitishwe kuwa havina wadudu waharibifu.

Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa nje kupokewa Beijing baada ya mkutano mkuu wa 20 wa chama, na katika ziara hiyo Tanzania ilipata kibali cha kuuza parachichi China. Tangu Desemba 1, mwaka 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni inazohusiana nazo kibalozi, Tanzania ikiwamo.

Kwa mtu anayesoma vichwa vya habari, mlango uko wazi. Kwa mkulima wa Mlalo, ushuru haukuwa kikwazo kikubwa zaidi. Mashamba ya Usambara ni madogo, yako katika matuta ya milimani, na parachichi humea pamoja na mahindi, maharage na mboga. Mazao hushushwa kwa barabara ya kona nyingi hadi Mombo kabla ya kuanza safari ya Tanga au Dar es Salaam. Kumsajili kila mkulima wa robo ekari, kuweka kumbukumbu za dawa alizopuliza na kulitunza tunda katika ubaridi hadi bandarini ni kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimudu. Ni kazi ya ushirika, ya maofisa ugani na ya halmashauri.

Msamaha wa ushuru hutolewa na viongozi katika mkutano wa siku mbili. Hofu ya mama wa China kuhusu chakula cha mwanawe haiondolewi na mkutano. Ofisa wa forodha wa Shanghai anayelikataa kontena huenda anajikinga asilaumiwe na wananchi wake, bila kuwa na uadui wowote na Tanzania.

Siasa za pande mbili

Haifai kudhani kuwa ni China pekee inayosukumwa na mambo ya nyumbani. Bandari ya Bagamoyo, iliyokubaliwa Machi 2013 wakati wa ziara ya Xi mjini Dar es Salaam, ilisimamishwa baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani, na mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa masharti yake hayakubaliki. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Tanzania nayo ina umma wake.

Tofauti ni kwamba Beijing huisoma Tanzania kwa makini. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa ufadhili wa Chama cha Kikomunisti cha China, inawakutanisha makada wa vyama sita tawala vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwamo. China inawafahamu watu watakaoiongoza Tanzania kesho. Ni vigumu kutaja taasisi ya Kitanzania inayoifuatilia jamii ya China kwa kiwango hicho: bei za nyumba zake, ajira za vijana wake, hofu za wazazi wake.

Mkulima wa Mlalo anayepanda mche wa parachichi leo atasubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna mavuno ya maana. Katika muda huo viongozi wa nchi zote mbili watakutana tena na tena na kuuita urafiki wao wa kudumu. Kitakachoamua bei ya tunda lake ni iwapo kuna mtu Dodoma au Lushoto aliyekwisha kujua mnunuzi wa Shanghai anaogopa nini, na akaanza kulitayarisha shamba kwa ajili hiyo.